Vipimo vya wateja na Android ya majaribio

Simu ninayo moja tu. Kila maelezo ya beta, yaani toleo la majaribio, hukuonya usiiweke kwenye simu unayoitegemea. Nilisoma, nikatikisa kichwa kukubali, nikaendelea.

Ilikuwa Aprili 2024, beta ya kwanza ya Android 15 imetoka tarehe 11. Simu yangu ni Pixel 6 ya Google, ya mtumba, imo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Mdogo wangu, ndiye aliyenitia wazimu huo, akasema nisubiri mega za usiku, yaani bando la usiku, kwa sababu mzigo ulizidi giga moja. Saa nane usiku ukaanza kushuka, saa tisa umeme ukakatika Katuba nzima, mtaa wetu hapa Lubumbashi. Nikashika kichwa. "Yaya, lala," akaniambia; ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake. Mfumo mpya huandikwa pembeni, ule wa zamani ukiendelea na kazi yake, na simu huhamia mpya pale tu inapowashwa upya. Asubuhi tukamalizia.

Niliishi nayo vizuri. Ila programu ya benki ilikataa kufunguka, nikarudi kupanga foleni kama zamani.

Hesabu yangu ilikuwa nikae hadi toleo kamili, kisha nijiondoe kabla ya kuweka beta nyingine; ukitoka hivyo hakifutwi kitu. Agosti likaja sasisho. Mteja amesimama mbele yangu na kitenge chake, nikabonyeza bila kusoma. Kumbe ilikuwa beta ya QPR1, yaani ya sasisho la robo mwaka linalofuata Android 15 yenyewe. Toleo kamili lilipofika kwenye Pixel tarehe 15 Oktoba, mimi nilikuwa nimeshalipita. Ama ningoje hadi QPR1 ikamilike Desemba, ama nirudi nyuma na simu ifutwe yote.

Benki ilinichosha. Nikachagua kufuta.

Sasa, mimi ni mshonaji, na wateja wangu hawaandiki vipimo. Wanavisema, kwa sauti, kwenye WhatsApp, watoto wakilia nyuma yao. Nakala ya akiba niliyoikuta ilikuwa ya Februari, siku niliyolala kwa shangazi mwenye Wi-Fi, maana WhatsApp isipobadilishwa mpangilio hungoja Wi-Fi ndipo ihifadhi. Najua, ningeweza kuiruhusu itumie mega. Video za vitenge peke yake zilikuwa giga tisa, nani angezilipa?

Basi Jumamosi jioni nikala bukari (ugali) haraka, nikachukua daftari la shule la mwanangu, nikaanza kusikiliza. Betri asilimia 31, umeme hakuna. "Kifua tisini na nane, kiuno… ngoja, mama, ninunue mafuta kwanza." Dakika mbili za bei ya mafuta, halafu kiuno. Mwingine alipima kwa kamba, akaniambia ni "kamba na vidole vitatu". Nilimaliza wateja arobaini na wawili, betri ikiwa nne.

Jumapili nikafuta. Simu ikarudi safi kama imetoka kwenye boksi, na benki ikafunguka mara ya kwanza.

Jumatano mama mmoja wa Kamalondo akaja kuchukua libaya lake, blauzi ya kitenge. Halikupita kifuani. Nikafungua daftari: nilikuwa nimeandika 89. Nimebaki nafumua mishono ya pembeni, yeye ameketi kwenye kiti changu akiniuliza kwa nini nisiisikilize tena sauti yake.