Malighafi za kujishonea vifaa vyepesi vya kambi

Turubai, begi au blanketi la kulalia porini mara nyingi huharibika kabla halijafika kwenye cherehani. Huharibikia dukani, pale mtu anaponunua kitambaa kwa jina. "Nailoni isiyopitisha maji" inaweza kuwa kitambaa cha gramu 45 kwa mita ya mraba, na inaweza kuwa cha gramu 110. Kwenye turubai la mita 2.4 kwa 3, tofauti hiyo inakaribia nusu kilo, na nusu kilo hiyo utaibeba mgongoni safari nzima.

Kwa hiyo pima mwenyewe. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja haina msaada kwa kipande cha sentimita 10 kwa 10, kwa sababu kitambaa chepesi kitakuonyesha sifuri au moja. Chukua kipande cha sentimita 50 kwa 50, kipime, zidisha kwa 4, utapata gramu kwa mita ya mraba. Kama muuzaji hakati sampuli, pima pande zima ulilonunua kabla ya kuligusa kwa mkasi: mita 3 za jora lenye upana wa mita 1.5 ni mita za mraba 4.5, basi gawanya uzito kwa hizo. Likiwa zito kuliko ulivyoahidiwa, bado linarudishika.

Wauzaji wengi wa mtandaoni hutaja uzito kwa aunsi kwa yadi ya mraba. Zidisha kwa 34 upate gramu kwa mita ya mraba. Hapo pana mtego: kitambaa kinachoitwa cha aunsi 1.1 mara nyingi kimepimwa kabla ya kupakwa silikoni, na kikishapakwa hufika 1.3 au zaidi. Uliza uzito baada ya kupakwa. Denia nayo isikuchanganye: ni uzito wa uzi, gramu za mita 9,000 za uzi mmoja, haikuambii kitambaa chote kina uzito gani. Ila inasaidia kulinganisha. Denia 10 hadi 20 ni ya mablanketi na mifuko midogo, 20 hadi 40 ni ya maturubai na mahema, na begi la mgongoni linataka karibu 210 sehemu zinazosuguana na mawe.

Nailoni au poliesta? Kwa uzito uleule nailoni ina nguvu zaidi, hasa dhidi ya kuchanika, lakini hunywa maji na kurefuka. Turubai ulilolikaza vizuri jioni utalikuta limelegea alfajiri, na lililolegea hukusanya maji katikati. Poliesta hairefuki hivyo na hustahimili jua vizuri zaidi. Kwa anayeshona turubai lake la kwanza, kwa maoni yangu poliesta iliyopakwa silikoni pande zote mbili ndiyo chaguo sahihi. Dyneema ya tabaka, ile inayofanana na karatasi yenye nyuzi ndani, ni nyepesi kuliko zote, lakini ni ghali mno, huyeyuka karibu nyuzi joto 150, na tundu la sindano likivutwa hupanuka, ndiyo maana viungo vyake hugandishwa kwa utepe wa gundi. Usijifunzie kazi humo.

Kilichopakwa juu ya kitambaa kina umuhimu uleule na kitambaa chenyewe katika uamuzi, kwa kuwa ndicho kinachoamua utazibaje mishono. Silikoni hukubali silikoni tu. Kitambaa kilichopakwa poliuretani, plastiki nyingine ya kuzuia maji, kinataka dawa ya poliuretani. Ukikosea, dawa itabanduka kama ngozi ya kitunguu mara ya kwanza unapolikunja turubai. Njia ya kujua ni rahisi: bandika selotepu ya kawaida kila upande. Ikishika vizuri, hapo pana poliuretani au hapajapakwa kitu. Ikiteleza na kutoka bila kuvuta, hapo pana silikoni. Vitambaa vingi vya bei nafuu vina silikoni upande mmoja na poliuretani upande wa pili, basi jaribu pande zote mbili. Mishono ya kitambaa cha silikoni huzibwa kwa silikoni safi ya kuzibia vioo, sehemu moja kwa sehemu tatu za waiti spiriti, ile ya kuchanganyia rangi za mafuta, ukipaka kwa brashi nyembamba mahali penye hewa nyingi, mbali na moto.

Kabla ya kununua mita nyingi, jaribu maji. Wamba sampuli kwenye mdomo wa bakuli kama ngozi ya ngoma, ila iache ilegee katikati, funga kwa mpira, mimina kikombe cha maji. Baada ya saa moja pitisha kidole chini yake. Pakiwa pakavu, sugua kwa dole gumba huku maji yakiwa bado juu: kitambaa dhaifu kitatoa jasho hapo hapo. Halafu kinyanyue kwenye mwanga mkali. Vitambaa vya daraja la pili huuzwa kwa bei nzuri na vingi vinafaa, lakini kasoro zake ni vitundu vidogo visivyoonekana mezani. Kila kitundu kizungushie chaki, uone kama unaweza kupanga vipande vyako kukikwepa.

Idadi ya mita hupangwa kwenye karatasi. Turubai lile la mita 2.4 kwa 3 hutoka kwenye jora la upana wa mita 1.5: vipande viwili vya urefu wa mita 3.1, jumla mita 6.2, vikiunganishwa katikati. Hizo sentimita 10 za ziada ni za upindo na za kunyoosha ncha iliyokatwa upande. Zitabaki kanda mbili ndefu za pembeni, na ndizo zitakazotoa viraka vya kuimarisha pembe na mfuko wa kulitilia turubai. Usihesabu upana wote wa jora. Ukingo wake wenye vitundu vya mashine hukatwa.

Blanketi la kulalia ni habari nyingine. Kitambaa chake lazima kipitishe mvuke. Wapo wanaotumia mabaki ya kitambaa cha turubai, na jasho la usiku linanaswa ndani ya kijazo mpaka asubuhi kinalowa. Weka kitambaa mdomoni upulize: hewa ipite kwa shida kidogo. Ikipita ovyo, manyoya ya bata yatatoka. Kwa mwanzo acha manyoya, tumia kijazo cha nyuzi ndefu zisizokatika kama Climashield Apex, kinachoshonwa kingoni tu bila mistari ya katikati. Chenye gramu 122 kwa mita ya mraba, kwa blanketi la mita 1.4 kwa 2, ni gramu 342. Kitambaa cha gramu 35 pande mbili kinaongeza 196.

Vilivyotumika vina thamani kubwa. Mwavuli uliovunjika hutoa pembetatu nane zinazotosha mifuko midogo miwili. Hema kuukuu hutoa zipu, bizimu (vifungo vya mikanda), kamba na nguzo, lakini kagua ndani ya kitambaa chake: kikinata na kunuka kama matapishi, poliuretani imeoza na haitibiki. Kisha shika ukingo uliokuwa ukipigwa na jua kwa mikono miwili uvute. Kikichanika kama karatasi, jua limekwisha kukila.

Kwa tandiko la chini, Tyvek, karatasi ngumu ya plastiki ya kufunikia kuta za nyumba, haina mshindani kwa bei yake. Hupiga kelele kama gazeti. Ifue kwa maji baridi bila sabuni italainika. Usiipige pasi, huyeyuka karibu nyuzi 135. Nyepesi zaidi ni plastiki nyembamba ya kuzibia madirisha inayosinyaa kwa joto: mita 1 kwa 2 haifiki gramu 50. Ikipata mkato ukingoni hupasuka yote, basi ukingo ukate kwa wembe mpya.

Mikanda na bizimu vinunue pamoja, pitisha mkanda kwenye bizimu, ning'iniza begi lenye kilo 10. Ukiteleza, mkanda ni mwembamba mno. Zipu namba 3 haipokei kichwa cha namba 5.

Uzi uwe poliesta tupu. Wa pamba huoza. Uangalie kwenye mwanga: wenye manyoya manyoya ni wa nyuzi fupi na hukatika kwenye sindano ya namba 70, ambayo ndiyo inayofaa vitambaa hivi vyembamba. Nunua sindano tano kwa wakati mmoja, kwa sababu vitambaa hivi huzifanya butu haraka, na sindano butu hutoboa vitundu vikubwa kuliko uzi, maji yakapitia hapo.