Siku moja hangani Wilson: Harvard inapovuliwa mabawa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi

Hanga, banda la kutunzia ndege katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, bado ni baridi. Kabla ya kugusa spana tunazunguka ndege kwa tochi tukiangalia sakafu: oili imedondoka wapi, petroli imedondoka wapi, na kama kuna tone la haidroli karibu na magurudumu. Ndege yenyewe ni North American Harvard, ya mafunzo ya kivita ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, injini ya Pratt & Whitney R-1340 Wasp yenye silinda tisa na nguvu za farasi 600, na mabawa yenye upana wa mita 12.8 kutoka ncha hadi ncha. Mkusanyo uliokuwa ukiitunza umeiuza ng'ambo. Kazi ya leo ni kuiwasha kwa mara ya mwisho hapa Nairobi, kuikinga injini isishike kutu baharini, kisha kutoa mabawa.

Oili ya zamani ilimwagwa jana. Leo tunajaza mchanganyiko wa kuhifadhi injini: sehemu moja ya mafuta ya kuzuia kutu kwa sehemu tatu za oili ya kawaida ya injini. Mchanganyiko huu si wa kurukia. Ni wa kuwasha, kupasha moto na kuzima.

Saa moja asubuhi

Propela inazungushwa kwa mkono. Silinda za Wasp zimepangwa duara, na zile za chini kabisa, namba 5 na 6, hupokea oili inayochuruzika injini inaposimama. Oili haishindiliki kama hewa. Pistoni ikiikuta silindani, kinachopinda ni fimbo inayoishika pistoni hiyo, na fimbo iliyopinda inaweza kukatika saa nyingi baadaye, ndege ikiwa angani. Kwa hiyo magneto, vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche, zote zinazimwa, mtu mmoja anakaa chumba cha rubani kuhakikisha, na wengine wanahesabu. Propela ina panga mbili na injini ni ya mipigo minne, hivyo panga nne zikipita, kila silinda imemaliza mzunguko wake. Sisi hupitisha nane.

Ikikaza katikati, usiirudishe nyuma hata kidogo. Ukiirudisha, oili inasukumwa kwenye bomba la hewa na kungojea hapo, injini ikiwaka inanyonywa tena ndani. Dawa ni kufungua plagi za chini za silinda hizo mbili na kuiacha itoke yenyewe.

Saa mbili unusu

Wapenzi wa ndege wameanza kufika. Wanaandikishwa langoni, wanavalishwa vizibao vinavyong'aa, na wanasimama nyuma ya kamba. Vijana wa kamera hujipanga upande wa jua. Wanafunzi wa uhandisi wa ndege husogea karibu na injini. Wastaafu wa Jeshi la Anga, lililoanzishwa tarehe 1 Juni 1964 na kuanza na ndege za Chipmunk na Beaver, hawapigi picha nyingi. Wao huangalia mikono yetu. Mzee wa aina hiyo akisema, "Fundi, hiyo waya umeiwekea alama pande zote mbili?" mjibu kwa heshima kisha nenda ukaangalie, kwa sababu mara nyingi ameona kitu.

Saa tatu asubuhi

Ndege inasukumwa nje, uso ukielekea upepo, magurudumu yamezuiwa kwa vigingi, chupa ya kuzimia moto iko kushoto. Kabla ya kuwasha, soma geji ya shinikizo la hewa ya injini. Wilson iko karibu mita 1,690 juu ya bahari, kwa hiyo sindano husimama karibu na inchi 24.5 za zebaki, wakati Mombasa ingekaribia 30. Andika namba hiyo. Ndiyo kipimo cha kujaribia magneto: unafungua moto mpaka geji irudi hapo hapo, kisha unazima magneto moja baada ya nyingine na kuangalia mizunguko imeshuka kiasi gani. Baada ya injini kushika, oili isipoonyesha shinikizo ndani ya sekunde 30, zima. Usisubiri uone.

Waliokuja na vinasa sauti hutamani ule mlio wa Harvard unaosikika kutoka mbali, na wengi huondoka wakidhani injini imechoka. Haijachoka. Mlio ule hautoki kwenye ekzosi, unatoka kwenye ncha za propela. Propela ina kipenyo cha mita 2.74 na imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa injini bila gia, hivyo kwenye mizunguko 2,250 kwa dakika ncha zake hukata karibu mita 323 kwa sekunde. Sauti yenyewe husafiri kama mita 340. Ongeza mwendo wa ndege wakati wa kuruka, ncha zinaukaribia kabisa mwendo wa sauti, na hapo ndipo hewa hupiga mayowe. Ikiwa imesimama, kwenye hewa nyepesi ya Nairobi, na tukiwa hatuna sababu ya kuikamua, haifiki huko. Tunawaeleza hivyo kabla ya kuwasha, ili wanase kinachopatikana: starta ikipanda taratibu, silinda zikishika moja moja, na zile dakika za kuungurumia chini. Nazo ni kumbukumbu nzuri sana.

Saa nne na nusu

Injini ikiwa bado moto, plagi zinatolewa, 18 zote, mbili kwa kila silinda. Kila silinda inapuliziwa mafuta ya kuhifadhi kupitia tundu la juu. Mahali pa plagi panafungwa vizibo vyenye chembe za kufyonza unyevu, ambazo ni buluu zikiwa kavu na hugeuka waridi zikishiba maji. Anayepokea kontena upande wa pili huangalia rangi hiyo kwanza.

Kuanzia hapa propela haiguswi. Tunaifunga kamba na kuandika kibao kikubwa, kwa sababu kila anayeaga ndege ya zamani hutaka kuizungusha propela mara moja kwa mkono. Ni ishara ya upendo, lakini pistoni ikisogea inakwangua utando wa mafuta uliobaki kwenye ukuta wa silinda, na kutu huanzia kwenye mstari huo. Anayetaka kugusa tunampeleka kwenye mkia. Huko aguse kadiri apendavyo, ila asibonyeze kitambaa cha usukani wala cha elevata, ubao wa mkia unaoinua na kushusha pua; Harvard ina mwili wa bati lakini sehemu hizo, pamoja na eleroni, vibao vya mabawa vinavyoiinamisha ndege kushoto au kulia, zimevikwa kitambaa.

Petroli inamwagwa nje ya hanga, ndege na mapipa vikiwa vimeunganishwa kwa waya wa ardhi ili cheche isiruke. Tangi mbili za Harvard hubeba jumla ya lita 416 hivi, zote ziko sehemu ya katikati ya bawa. Hilo ni jambo la kushukuru: mabawa ya nje hayana bomba la mafuta la kukata.

Saa saba mchana

Chapati na madondo, na maswali. Swali la kwanza ni moja daima: kwa nini serikali haizuii isiondoke? Sheria ya Makumbusho na Turathi za Taifa ya mwaka 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Hakukuwa na ndege wakati huo. Kitu cha baadaye hulindwa kikitangazwa rasmi kuwa kitu cha kulindwa, na tangazo hilo linahitaji watu walioliomba mapema, wakiwa na maelezo na picha mkononi. Kilio cha siku ya spana kimechelewa.

La pili: kwa nini wenyewe wasiendelee nayo? Injini hii hunywa karibu lita 120 za petroli ya ndege kwa saa. Mafundi wa kuifungua na kuijenga upya wako ng'ambo, kwa hiyo husafirishwa kwenda na kurudi. Afrika Kusini iliyatumia Harvard jeshini hadi 1995, na yalipouzwa, mengi yaliendelea kuruka kwa watu binafsi. Ndiyo sababu vipuri bado vinapatikana na wanunuzi wapo. Mimi siamini kwamba kuuza ni kuua. Spitfire MH434, ndege ya kivita ya Uingereza, ilinunuliwa kwenye mnada mwaka 1983 na upande wa rubani Ray Hanna, na miongo iliyofuata ikaonekana angani kuliko Spitfire nyingi. Mkusanyo wa ndege wa tajiri Paul Allen, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, huko Everett, Marekani, ulifungwa 2020, miaka miwili baada ya yeye kufariki. Wapenzi walihofia ndege zingepotelea kwenye ghala za matajiri, lakini mkusanyo ulinunuliwa 2022 na milango ikafunguliwa tena 2023. Ndege husalimika ikimpata anayeweza kuilisha. Kinachopotea wakati wa kuuzwa ni karatasi, na hapo ndipo ningependa uchungu wa mashabiki uelekee.

Tena si kila anayekuja amekuja kuomboleza. Mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza walileta Harvard kutoka Rhodesia, kikosi cha 1340, zikaruka kutoka Thika na baadaye Mweiga, zikidondosha mabomu ya ratili 20, karibu kilo 9, manane kwa safari, kwenye misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mzee ambaye jamaa zake walikuwa msituni akiitazama ndege hii, hasikii anachosikia kijana wa kamera. Hatumwambii iliwahi kupiga mabomu, wala hatumwambii haikuwahi. Tunamwonyesha bamba la namba ya kiwandani na kumwambia kwamba jibu liko kwenye logibuku, daftari la kumbukumbu za ndege, kurasa za 1953 hadi 1955.

Saa nane mchana

Mabawa. Ukanda wa bati unaoficha kiungo unatolewa, na chini yake zinaonekana bolti makumi kwa makumi, juu na chini, zimefunga bawa la nje kwenye sehemu ya katikati. Kwanza tenganisha kebo za eleroni, fimbo ya flapu (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua), nyaya za taa, na kwenye bawa la kulia bomba la kupimia mwendo. Kila kebo hupigwa picha na kuandikwa idadi ya hesi zinazoonekana kwenye kikaza chake, maana bila namba hiyo anayeunga ataanza kurekebisha upya. Bolti huwekwa kwenye mfuko wenye jina la mahali zilikotoka. Hata kama zitafungwa mpya, za zamani zinasafiri, zionyeshe urefu sahihi kwa kila tundu.

Bawa linashikiliwa na vishikio viwili vyenye magodoro, kimoja karibu na mwili na kingine kuelekea ncha. Bolti ikikataa, usigonge nyundo. Inakataa kwa sababu uzito wa bawa umeikalia. Inua au shusha kishikio kidogo kidogo mpaka izunguke kwa vidole. Za mbele kabisa na za nyuma kabisa hutoka mwisho, ndizo zinazoliongoza bawa lisijipinde. Mabawa yote mawili yakitoka, ndege inabaki imesimama, kwa kuwa magurudumu yako kwenye sehemu ya katikati.

Mashabiki hunyamaza wakati huu, wengine hulia. Tunasimamisha kazi kidogo, wapige picha za kiungo kilicho wazi, kitu ambacho hata wenye ndege hukiona kwa nadra.

Saa kumi alasiri

Kiungo hicho ndicho ukaguzi muhimu kuliko wote. Mwaka 2005, Florida, ndege ya aina hii ilipoteza bawa angani kwa sababu ya ufa wa uchovu, unaotokana na chuma kubebeshwa mzigo tena na tena, kwenye pembe ya bati inayoshika bolti, upande wa chini. Tangu hapo Marekani iliagiza pembe hizo zikaguliwe kwa rangi ya kupenya, na kurudiwa kila saa 200 za kuruka. Rangi ya zamani hutolewa kwa kemikali, si kwa brashi ya chuma wala msasa, kwa sababu msasa huvuta chuma juu ya ufa na kuuziba. Kisha dawa ya kupenya, angalau dakika 10, na zaidi bati likiwa baridi. Futa, paka poda ya kuivuta, zima taa, washa ile ya zambarau. Ufa hung'aa kama mstari mwembamba. Matokeo yanaandikwa hata kama ni safi.

Saa kumi na moja jioni

Kuna wanaoomba kumbukumbu: skrubu, kibandiko, geji. Hapana, na si kwa uchoyo. Geji za zamani zilipakwa rangi ya radiamu, madini yenye mnururisho, ili zing'ae usiku. Mng'ao umekufa kwa kuwa kemikali iliyotoa mwanga imechakaa, lakini radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600, kwa hiyo iko pale pale. Kioo hakifunguliwi, geji iliyopasuka hufungwa kwenye mifuko miwili, na zote hutangazwa kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia kabla ya kusafirishwa. Mbao za kufungia mizigo nazo lazima ziwe na muhuri wa kupashwa moto, nyuzi 56 ndani kabisa ya mti kwa dakika 30, la sivyo kontena linarudishwa.

Herufi za 5Y ubavuni, alama ya usajili wa Kenya, hazifutwi mpaka Mamlaka ya Usafiri wa Anga itoe cheti cha kufuta usajili, maana ndege haiwezi kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja.

Saa kumi na mbili jioni

Wageni waliokubali kusaidia wanabaki kuskani. Logibuku ni tatu, ya mwili, ya injini na ya propela, na kila moja ina njia yake kwa sababu injini hubadilishwa ndege na ndege. Skani kwa rangi, nukta 400 kwa inchi, pamoja na kurasa tupu na migongo ya karatasi, kwani mihuri ya vikosi hugongwa popote. Jina la faili libebe namba ya ukurasa na mwaka. Nakala moja inasafiri na ndege, moja inabaki kwa wenye mkusanyo, na ya tatu tunapendekeza ipelekwe Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, ambako yule mzee anaweza kuiomba na kuisoma. Kazi ya leo inaanzia 1953.