Shuka la mifuko ya unga

Ireland vijijini, miaka ya 1940, shuka moja la kitanda lilikula mifuko minne ya unga wa ngano, ile ya pamba. Kwanza fumua mshono: ukiupata uzi wenyewe unachomoka wote, na hautupwi, ndio wa kushonea. Loweka kwa maji baridi. Ukianza na ya moto, vumbi la unga linageuka gundi. Kazi hasa ni kufuta maandishi ya kinu cha kusaga unga yaliyochapwa mfukoni: paka mafuta ya taa, acha yalale usiku mzima, sugua kwa sabuni, chemsha na magadi, kisha anika juu ya nyasi siku kadhaa. Wino mwingine mkaidi. Watoto wakavaa mashati ya mifuko hiyo yenye jina la kinu mgongoni! Ukiunganisha, kunja kingo zote mbili, maana ukingo ulioachwa wazi hufumuka kwenye kufua.