Mguu wa injini ya boti, usiuache uliwe na chumvi

Jamani wenye boti, ule mguu wa injini unaokaa majini ni alumini, na chumvi ya huku Kilifi haina huruma, ukiona rangi imefura vipele ukikwangua unakuta unga mweupe basi ishaanza kuliwa. Wangu nimeuosha na maji matamu, nikaupiga msasa mpaka ukang'aa, halafu praima ya epoksi, ile rangi ya msingi, siku hiyohiyo, usiulaze wazi, hewa inauwahi. Na tafadhalini sana, rangi ya chini ya boti yenye shaba, ile ya kuzuia viumbe wa baharini wasishike, msiipake hapo kabisa, shaba na alumini zikikutana majini inayoliwa ni alumini! Vile vipande vya zinki vilivyofungwa kwenye mguu navyo viacheni bila rangi, kazi yake ni viliwe vyenyewe kwanza, vikibaki nusu badilisha.