Chuo kidogo hakina pa kujifichia

Ukisema maisha ya chuo Uganda hii watu wanawaza Makerere moja kwa moja, wanawaza Lumumba Hall na dada zao wa Mary Stuart, kuku wa Wandegeya usiku wa manane, hosteli za Kikoni zenye askari getini. Hayo mimi nayasikia kwa watu tu. Mimi nimesoma chuo cha ualimu wa praimari huku kwetu West Nile, kaskazini magharibi mwa nchi, ile kozi ya cheti cha Grade III ya miaka miwili, nimeingia 2019, na chuo chenyewe kidogo mpaka wiki ya kwanza haijaisha ushajua nani anakoroma, nani anaongea usingizini na nani anaogopa kwenda choo usiku peke yake. Bweni la wasichana moja, mesi moja, kantini moja, bomba la kupampu kwa mkono moja. Ukigombana na mtu asubuhi, jioni mko naye kwenye laini ya maji, baadaye mko naye kwenye laini ya posho, yaani ugali, usiku yeye analala kitanda cha juu wewe cha chini. Sasa utanuna mpaka lini?

Watu wananiuliza kama hatukuboeka kule, hakuna klabu, hakuna hata pa kwenda. Tungeboeka saa ngapi jamani, kila siku kulikuwa na kesi ya mtu.

Kesi nyingi zilikuwa zinaanzia bombani. Pale wanaopanga foleni si watu, ni jerikeni, unaweka yako nyuma ya ya mwisho unaenda zako kivulini, na kila jerikeni ina jina la mwenyewe limeandikwa kwa rangi ya kucha. Sasa wale wa mwaka wa pili walikuwa na ufundi wao, anasimama anapiga stori na wewe vizuri kabisa, anacheka, huku mguu unasukuma jerikeni yake pole pole, stori ikiisha ya kwake iko mbele ya pampu na ya kwako imetazama ukutani. Nimeona wasichana wawili wakinuniana karibu muhula mzima kwa jambo hilo hilo, hawasalimiani, hawapeani hata chumvi. Alafu mmoja akapigwa na malaria usiku, na aliyekaa nyuma yake kwenye boda akimshikilia asidondoke mpaka hospitali Arua ni yule yule adui wa jerikeni, maana ndo alikuwa kitanda cha jirani, ndo aliyemsikia anatetemeka. Kurudi, hakuna aliyeomba msamaha. Walianza tu kula sahani moja na sisi tukanyamaza.

Sasa nije kwenye kubenchi, yaani kijana kumtembelea msichana ili amtongoze, maana najua ndo mnachosubiri. Kampala kijana akienda kubenchi anapanda ngazi za hosteli, anakaribishwa chumbani, anakaa kwenye kiti anaongea ongea mpaka aeleweke. Kwetu mvulana haingii bweni la wasichana, hata kivuli chake hakiingii, kwa hiyo vijana wetu walikuwa wanabenchi kwenye benchi kweli kweli, benchi la mbao chini ya mwembe, usoni kabisa kwa nyumba ya metroni. Jumapili saa kumi mpaka kengele ya chakula. Metroni sisi wote tulikuwa tunamwita Mama, na Mama alikuwa anatoka na ungo wake wa maharage anakaa barazani anachambua, hasemi kitu, anaangalia maharage yake. Ila anaona. Kijana aliyekuja kwa huyu Jumapili iliyopita akija kwa mwingine Jumapili hii, Mama anamwita kwa upole, "njoo hapa mwanangu, leo unamtafuta nani, nikusaidie kumwita?" na sisi ndani nyuma ya pazia tunaumana mikono tusicheke kwa sauti.

Na nyuma ya pazia hiyo ndo tuligundua mambo ya lile shati. Bweni la wavulana lilikuwa na pasi ya mkaa moja inayoeleweka, na siku moja cheche imeruka ikatoboa shati jeupe zuri la mikono mirefu, tundu dogo juu ya mfuko, pembeni limekuwa la kahawia. Jumapili hiyo shati limekuja na kijana wa Nebbi. Jumapili iliyofuata shati lile lile, tundu lile lile, limekuja na kijana wa Adjumani. Tukadhani wameazimana mara moja. Baadaye likaja na mtu mnene kidogo, vifungo vinalia, kaweka kalamu mfukoni ili ifunike tundu, na rafiki yangu wa Koboko hakuvumilia, alitoka nje akalisalimia shati kwanza ndo akamsalimia mwenye kulivaa. Ungefikiri yule kijana ataondoka. Alicheka mpaka akashika tumbo, akasema bwenini kuna ratiba na yeye ameisubiri zamu yake tangu mwezi jana. Hao wawili wameoana, wana mtoto. Mimi naamini kijana wa hosteli ya Kampala mwenye mashati kumi asingepata mke kwa njia hiyo.

Zawadi ya benchi ilikuwa rolex, si saa, ni chapati iliyoviringishwa na mayai. Unaletewa kutoka senta, ya 1,500, imefungwa kwenye gazeti, bado ya moto, mafuta yametoka nje. Na wewe usijidanganye kwamba ni yako. Harufu inaingia bwenini kabla yako, na waliokuwa wamelala wote wameamka, wengine wanakuita "dada" ambao jana walikuwa wanakuita jina la ukoo. Unabaki na ile ncha yenye nyanya. Mbaya zaidi ni siku mwenzetu wa Pakwach alirudi na angara wakavu, wale samaki wa kule Nile, akawaficha ndani ya sanduku chini ya nguo, akafunga kufuli. Kufuli la nini sasa na hiyo harufu? Tulipika jioni ile ile na alikula kama mgeni.

Jambo lingine lililotulazimisha kukaa pamoja ni giza. West Nile wakati ule hatukuwa kwenye gridi ya taifa, tumeunganishwa juzi tu 2024, tulikuwa tunategemea kituo cha Nyagak kule Zombo cha megawati 3.5, pamoja na jenereta, na megawati 3.5 kwa mkoa mzima mnaweza kupiga hesabu wenyewe. Stima inakuja inaondoka. Simu unapeleka kantini inachajiwa kwa 500, unaiacha hapo na nambari imebandikwa kwa plasta, na mwenye kantini alikuwa anajua mapenzi ya chuo kizima kwa sababu ya meseji zinazoingia kwenye vioo. Alafu kulikuwa na ile kodi ya OTT, mnaikumbuka? 200 kwa siku tangu Julai 2018 ili ufungue WhatsApp au Facebook. Kwa mwanafunzi 200 ni mandazi. Wengine walikuwa wanakimbilia VPN ili kuikwepa, na VPN inakula bando, kwa hiyo ikawa mtu mmoja analipa, simu yake inakuwa ya bweni zima, meseji za watu wote zinaingia hapo na zinasomwa kwa sauti na yule mwenye macho mazuri. Siri ya nini? Hata barua ya mchumba ilikuwa inajibiwa kwa kamati. Nimewahi kuona jibu la "sawa" limejadiliwa nusu saa, kwamba likiandikwa hivyo peke yake litaonekana na kiburi.

Stima ikikata tulikuwa tunatoa mikeka nje. Hapo ndo nilikuja kujua watu wanatoka wapi hasa. Tulikuwa na Walugbara wengi, Waalur, Wakakwa, Wamadi, Waaringa wa Yumbe, sisi Wanubi wa mjini tunaojifanya tunajua kila kitu, na wenzetu wa Sudan Kusini waliokulia kwenye makambi ya wakimbizi ya Rhino Camp na Bidi Bidi. Darasani ni Kiingereza, ila nani anapiga umbea kwa Kiingereza? Ilikuwa Kiswahili, kile cha soko la Arua na la Ariwara ng'ambo ya mpaka Kongo, Kilingala kimeingia humo, Kinubi kimeingia humo, na kikikwama mtu anamalizia kwa mikono. Aliyeteseka ni msichana mmoja wa Masaka. Huko kwao amekua akisikia Kiswahili ni cha askari na majambazi, mambo ya tangu enzi za Amin hayo, kwa hiyo usiku wa kwanza aliposikia bweni zima linaongea Kiswahili gizani alibeba shuka lake akaenda kugonga kwa Mama, kwamba kuna watu wabaya ndani. Mama mwenyewe akamjibu kwa Kiswahili! Tulimtania muhula mzima, na kabla mwaka haujaisha ye ndo alikuwa anatutukania watu wa jerikeni. Serikali ilipopitisha Julai 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni, mtu wa kwanza kututumia hiyo habari kwenye grupu ni yeye, na sasa hivi anafundisha nyimbo za Kiswahili kwa watoto huko huko Masaka.

Sosho, zile sherehe za muziki za chuo, zilikuwa chache na nyingi zilikuwa mbaya, nisiwadanganye. Spika za kukodi, soda nusu chupa kwa mtu, walimu wamekaa pembeni wamekunja nne. Ila kuna moja siisahau, tulikuwa tumealika wanafunzi wa unesi, wamekuja wamependeza, sisi wasichana tumeshachukia tayari, na muziki haujafika mbali jenereta ikazima. Kumbe petroli iliyonunuliwa na kamati si ile iliyoandikwa kwenye risiti. Kelele, tochi za simu, watu wa unesi wanatafuta gari lao. Ndo vijana wa somo la muziki wakaenda stoo wakatoa adungu, ala zetu za nyuzi, zile kubwa za besi na zile ndogo, wakakaa kwenye viti vya mesi wakaanza kupiga gizani. Mimi nilikuwa nazichukulia adungu ni za kanisani na za siku wageni wa wizara wamekuja. Watu walicheza mpaka vumbi likajaa mesi, Mwalimu mmoja mzee wa Kialur alivua koti, na wenzetu Wanubi wakaingiza doluka, ngoma yao, katikati ya mdundo wa watu wengine na ikakaa. Kamati ya petroli iliitwa Jumatatu kujieleza. Waziri wa chakula wa gildi, ile serikali ya wanafunzi, ndo alikuwa humo ndani pia, na uchaguzi uliofuata alipata kura chache mpaka tukajua majina ya waliompigia.

Hiyo nayo ni shida ya chuo kidogo, nisikisifu tu. Kura si siri. Ukiachwa na mchumba, unaachwa mbele ya watu wote na kesho yake unapanga laini ya uji na yeye na mpya wake. Dada mmoja alipopata mimba, chuo kizima kilijua kabla mama yake hajajua, na yale maneno yalimchosha mpaka akaacha masomo, na wote tulioongea tulikuwa tunajiita marafiki zake. Chuo kikubwa angeweza kupotea kati ya watu akamaliza mitihani yake kwa amani. Hilo naliona hadi leo.

Alafu ikaja Korona. Rais alitangaza tarehe 18 Machi 2020, tarehe 20 shule na vyuo vifungwe, na kwa siku hizo mbili barabara ya kwetu ilikuwa ni magodoro tu juu ya boda. Tukajua ni mwezi mmoja. Sisi wa mwaka wa mwisho tumerudishwa Oktoba 15, vitanda vimetenganishwa, barakoa, benchi la mwembe limebandikwa karatasi ya kukaa mbali mbali. Wadogo zetu wa mwaka wa kwanza wamebaki nyumbani, na kuna madarasa ya nchi hii yalikuja kufunguliwa Januari 2022. Wengine hawakurudi tena, wameolewa, wengine wako kwenye machimbo, wengine boda. Hatukuwaaga hata.

Sasa sera ya walimu ya 2019 inataka kila mwalimu awe na digrii, hata wa nasari, na ile Grade III yetu ndo inaelekea kuisha. Digrii sikatai, mimi mwenyewe naisomea sasa hivi wikendi na likizo. Tunafika Jumamosi asubuhi, tunasaini, tunasikiliza, jioni kila mtu na boda yake. Niliyekaa naye dawati moja tangu tuanze sikuwa najua anatoka wapi mpaka juzi nilipomuuliza. Anatoka Moyo, ana watoto wawili, amepanga chumba nyuma kabisa ya nilipopanga mimi na kumbe tunachota maji bomba moja. Nimemwambia Jumamosi ijayo tupike pamoja. Amekubali, ila kasema mapema kabisa, yeye angara hali.