Kumtafuta mlowezi wa mwanzo wa Nairobi: anza na ploti na kaburi

Anayetaka kuandika maisha ya babu aliyefika Nairobi mapema kwa kawaida huanza kwa kuulizia cheti cha kuzaliwa, na hukwama hapo hapo. Reli ilifika hapa tarehe 30 Mei 1899. Uandikishaji wa vizazi na vifo ulianza 1904 na uliwalazimu Wazungu peke yao. Wahindi waliingizwa 1906. Waafrika walingoja miongo mingi, na sheria haikuenea nchi nzima hadi 1971. Mtu aliyekuwa na ploti, deni au mirathi yenye ugomvi aliacha karatasi. Aliyelea watoto kumi akafa bila mali, serikali haikumwona. Kwa hiyo tafuta mali kwanza, kifo pili, kuzaliwa mwisho.

Kwenye ardhi, kitu cha kwanza ni namba ya L.R. (Land Reference), yaani namba ya utambulisho wa ploti. Ikianza na 209, hiyo ni Nairobi mjini. Ukienda Ardhi House, ofisi ya ardhi ya serikali, au siku hizi kwenye mfumo wake wa mtandaoni, Ardhisasa, na kufanya sachi ya kawaida (upekuzi wa rejista), utapewa jina la mwenye ploti wa leo na madeni yaliyo juu yake. Hilo halikusaidii sana. Unachohitaji ni hati yenyewe ya zamani pamoja na maandishi yote yaliyoongezwa chini yake. Hati yenye herufi I.R. iko katika rejista ya bara, yenye C.R. ni ya pwani, na usishangae kukuta mfanyabiashara wa Nairobi ana zote mbili, kwa sababu wengi walianzia Mombasa.

Soma maandishi hayo kwa mpangilio wa tarehe, moja baada ya jingine: mauzo, rehani, kisha lile lenye thamani kuliko yote kwa mtafiti wa familia, yaani ardhi kupita kwa warithi baada ya mwenyewe kufa. Hapo hutajwa msimamizi wa mirathi, na mara nyingi huyo ni mjane, mwana au ndugu. Watu hupotea pale ploti ilipogawanywa. 209 ikifuatwa na namba moja inaweza kuzaa vipande viwili au vitatu vyenye mkwaju (/) na namba mpya, kila kimoja na historia yake. Fuata vyote, maana huenda binti alipewa kipande cha nyuma ambacho hakuna aliyekuambia habari zake.

Jihadhari na ploti za bazaar ya kwanza, soko la Wahindi. Tauni ilipozuka 1902, serikali iliamuru bazaar ichomwe, na wenye maduka wakahamishwa. Familia ikikwambia duka la babu lilikuwa mahali fulani “tangu mwanzo”, na hati ikaanza baada ya 1902, yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Miaka ya ukodishaji nayo inasema kitu. Sheria ya ardhi ya 1902 ilitoa muda wa miaka 99. Ile ya 1915 ilifungua miaka 999 kwa mashamba ya Wazungu. Kwa hiyo shamba lenye miaka 999 ama lilitolewa baada ya 1915 ama lilibadilishiwa masharti. Usiandike kwamba mlowezi alifika 1916 kwa kuwa hati yake ni ya 1916. Mlowezi maarufu Lord Delamere alianza ulowezi 1903 huko Njoro, na karatasi za ardhi yake zinaendelea kubadilika kwa miaka mingi baadaye.

Kutoka ardhi nenda kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, lililoanza kutoka Novemba 1899. Matoleo mengi ya zamani yanasomeka mtandaoni bure. Tafuta matangazo ya mirathi: jina la marehemu, alikoishi, siku aliyokufa, na anayeomba kusimamia mali. Tafuta pia matangazo ya kuvunjwa kwa ushirika wa biashara, kwa sababu ndugu wengi waliofanya biashara pamoja waliachana kwa tangazo la mistari minne. Tatizo ni kwamba mashine iliyosoma kurasa hizo hukosea herufi ovyo. Mfanyabiashara Jeevanjee atakuja kama Jivanjee, Jeewanjee, au vipande viwili. Tafuta kwa mtaa, kwa jina la wakili, au pitia ukurasa kwa ukurasa katika miezi kumi na miwili baada ya kifo.

Huyo Alibhai Mulla Jeevanjee ni mfano mzuri wa mtu aliyeacha alama kila mahali isipokuwa penye kuzaliwa. Alizaliwa Karachi 1856, akafika Mombasa 1890, akapata kandarasi za reli, akaanzisha gazeti la African Standard, akautoa kwa umma uwanja wa bustani mwaka 1906, akawa Mhindi wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria, akafa Nairobi 1936. Kila hatua ina karatasi: mikataba, magazeti, kumbukumbu za baraza, hati ya bustani. Ile hati ilikuwa na kazi hata 1991, mjukuu wake Zarina Patel alipoongoza upinzani dhidi ya mpango wa kujenga juu ya bustani hiyo. Lakini ukitaka wake zake na binti zake, magazeti hayo hayatoshi. Hapo ni kumbukumbu za jamaa yao na karatasi za mirathi.

Kumbukumbu za jamaa zina mitego ya kalenda. Madaftari ya biashara ya Kigujarati hutumia mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindu, unaoanza baada ya Diwali. Samvat 1956 ilianza Novemba 1899 ikaisha Oktoba 1900. Ukitoa 56 kila mara, utakosea kwa miezi miwili ya mwanzo wa mwaka wao. Kwa tarehe za Novemba na Desemba toa 57. Kwa mwaka wa Hijria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: 1320 inatoa 1902 na kidogo, na kweli mwaka huo ulianza Aprili 1902. Mabohora, Waislamu wa Kishia wenye asili ya India, hufuata hesabu ya kalenda badala ya kuandama kwa mwezi, hivyo tarehe zao huweza kutangulia za Waislamu wengine kwa siku moja au mbili. Ikiwa kaburi linasema siku moja na tangazo la mirathi likasema nyingine, usikimbilie kudhani ni watu wawili.

Rejista za ubatizo za Kikatoliki, kama zile za misheni ya St Austin's iliyoanza 1899, zimeandikwa Kilatini. Angalia pambizo: ndoa ya yule mtoto, hata ikifungwa miaka ishirini baadaye parokia nyingine, huongezwa pale pembeni.

Kuhusu makaburi nitasema machache. Ya zamani ya Nairobi South, kando ya Uhuru Highway, yana watu wa reli, akiwemo Charles Ryall, aliyeuawa na simba Kima mwezi Juni 1900. Lang'ata yalifunguliwa 1958, kwa hiyo usipoteze siku pale kumtafuta aliyekufa kabla. Piga picha asubuhi jua likiwa chini, herufi zilizochakaa zijitokeze. Safisha kwa maji na brashi laini, usitumie waya wala chaki. Na kumbuka jiwe huwekwa na watoto, pengine miaka mingi baada ya maziko, kwa hiyo mwaka wa kuzaliwa ulio juu yake ni makisio yao.

Sasa familia za Waafrika, ambapo njia ya ardhi inapinda. Wanubi wa Kibera, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni) na jamaa zao, waliruhusiwa kukaa 1904. Eneo la ekari 4,197 likatangazwa hifadhi ya jeshi 1918. Ruhusa zao ziliwapa kukaa na kulima, hazikuwapa umiliki, kwa hiyo ukifanya sachi ya Kibera utakutana na serikali tu. Hati ya pamoja waliipata 2017, ya ekari 288. Babu Mnubi mtafute katika karatasi za utumishi wa jeshi. Kwa Pangani, kijiji cha Waswahili na wengineo kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na Pumwani, angalia faili za manispaa. Huko utakuta wanawake wengi wenye nyumba kwa majina yao wenyewe, fulani binti fulani, jambo lisiloonekana kirahisi kwa wake wa walowezi Wazungu, ambao huandikwa kwa jina la mume.

Kwa mbari (koo) za Wakikuyu wa Kabete, Dagoretti na Kiambu, waliokuwa hapa kabla ya wote, chanzo kikubwa ni ushahidi uliotolewa mbele ya Tume ya Carter, iliyochunguza madai ya ardhi, kati ya 1932 na 1933. Umechapishwa katika majuzuu matatu, na humo wazee walitaja nasaba zao na mipaka ya githaka, yaani ardhi ya ukoo. Usome kama ushahidi wa kesi. Mzee aliyedai ardhi alitaja ukoo wa aliyeinunua kwa marefu na mapana. Ahoi, yaani walioruhusiwa kulima bila kumiliki, waliolima pale kizazi kizima aliwaacha nje. Kupima nasaba hiyo, tumia desturi ya majina: mwana wa kwanza huitwa kwa babu mzaa baba, wa pili kwa babu mzaa mama. Nasaba isiyokubaliana na utaratibu huo huenda ina mtoto aliyekufa au mke aliyerukwa. Umri upime kwa matukio, kama ile njaa kubwa ya 1898 na 1899, Ng'aragu ya Ruraya.

Faili za serikali zenyewe ziko Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, pale “Archives” watu wanapokutania. Usitarajie mengi ya makao makuu kabla ya 1939, kwa sababu moto wa mwaka huo uliteketeza karatasi nyingi za sekretarieti. Faili za wilaya na majimbo, zenye alama za DC (mkuu wa wilaya) na PC (mkuu wa jimbo), ndizo zilizosalia vizuri zaidi. Pengo la makao makuu huzibwa na nakala zilizokwenda London: majalada ya FO 2 (Wizara ya Mambo ya Nje) kwa miaka ya mwanzo, na CO 533 (Wizara ya Makoloni) kuanzia 1905. Barua za CO 533 zimepangwa kwa tarehe za gavana kuandika, hivyo usiombe faili kwa jina la babu. Pata kwanza tarehe ya tukio kutoka kwenye Gazeti Rasmi, kisha omba jalada la mwezi huo na la miezi mitatu inayofuata, kwa kuwa malalamiko na majibu yalisafiri kwa meli.