Kizuizi: hakuna

Binti yangu alikuwa anatafuta karatasi za kuchorea. Akalivuta lile daftari la bluu kutoka chini ya kabati, na kabla sijamwambia alirudishe alishalifungua.

"Mama, huyu mtu hakuwa na kizuizi hata kimoja?"

Akanisogezea ukurasa. Mwandiko ni wangu: Alhamisi 27/5. P.F. Ameingiza 214. Zimebaki 36. Kizuizi: hakuna.

Nikamwambia achukue karatasi za nyuma huko, zile nyeupe.

P.F. ni Papa Fomu. Jina tulimpa sisi, maana hakuna aliyeingiza fomu za kaya kwenye kompyuta haraka kama yeye, wala aliyezilalamikia kama yeye. Tangu korona itufungie ofisi, Machi 2020, nilikuwa naongoza watu kwa simu. Tulikuwa saba: wanne Goma, mashariki mwa Kongo, mmoja Kinshasa, mmoja Lubumbashi, na mimi, ambaye wiki ile nilikuwa Bukavu kwa mama mkwe. WhatsApp wakati ule ilikubali watu wanane tu kwenye simu moja, kwa hiyo tulienea na nafasi moja ikabaki. Sauti tu, bila picha. Mega za intaneti ni pesa. Saa tatu kamili ya Goma, ambayo Kinshasa ni saa mbili, na mwenzetu wa Kinshasa hakuchoka kunikumbusha. Kila mtu maswali matatu: jana ulifanya nini, leo unafanya nini, nini kinakuzuia. Dakika mbili, anayefuata. Niliyapenda maswali yale kama mtu anavyopenda sufuria isiyounguza.

Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021 volkano ilikuwa imetoka. Nyiragongo haikuwa imetushukia hivyo tangu Januari 2002. Moto ukafika Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege, tukasema Mungu mkubwa, na Jumatatu tukarudi kazini huku ardhi ikitetemeka mchana kutwa. (Mmoja wetu alizoea hadi akawa anakatiza ripoti yake: "Subirini ipite.") Halafu usiku wa kuamkia Alhamisi gavana wa kijeshi akatoa amri: mitaa kumi ihame, moto uko chini ya mji, uko hadi chini ya ziwa. Majengo ilikuwamo. Papa Fomu alikaa Majengo.

Nilijua. Tena niliwapigia ili nijue nani yuko wapi. Lakini niliwaita kwa mpangilio wa kila siku, na mpangilio ulianza na Lubumbashi kwa sababu asubuhi rezo yao, yaani mtandao, huwa nzuri. Yule wa Lubumbashi, kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwenye moto, akajibu yote matatu vizuri kabisa. Wa Kinshasa akafuata, akipiga miayo. Nikasema, "Papa Fomu."

Kwanza nilisikia miguu. Sijasikia tena miguu mingi hivyo ndani ya simu. Ilikuwa kama mvua juu ya mabati, ile isiyo na haraka, itakayonyesha hadi jioni. Katikati yake chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, gurudumu likilia kwa uzito wa mzigo. Mwanamke aliita jina la mtoto mara mbili, kisha sauti yake ikabaki nyuma.

"Nipo, shefu." Alikuwa anahema. "Jana nimeingiza mia mbili na kumi na nne. Zimebaki thelathini na sita. Ninazo mgongoni."

"Leo?" Ni mimi niliyeuliza hivyo.

"Leo…" Mbuzi akalia karibu kabisa na simu. "Leo tunaelekea Sake."

Hapo ndipo pa kusimama. Hata mama mkwe, aliyekuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, mlangoni, aliinua kichwa. Lakini mdomo wangu ulishalijua neno linalofuata.

"Kizuizi?"

Akanyamaza. Miguu ikaendelea. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, na nukta mbili nilikuwa nimeshaziweka.

"Hakuna, shefu."

Nikaandika. "Asante. Anayefuata."

Wengine hawakunisubiri niulize: mmoja alishavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, wawili walikuwa kwenye foleni ya meli. Nikawatumia mega na pesa kidogo. Simu ya Papa Fomu haikupatikana hadi Jumapili. Juni watu wakaanza kurudi mjini, naye akarudi, na fomu zake 36 kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Wakubwa walitusifu kwa kutopoteza hata siku moja. Mwaka uliofuata nikaombwa niwafundishe wengine namna ya kuongoza watu walio mbali. Nilienda. Nikaeleza maswali matatu. Ukurasa huu nikauacha nyumbani.

Yeye mwenyewe nilimuuliza mara moja tu, tukila sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Akacheka. "Shefu, asubuhi ile kila mtu alikuwa ananiuliza tutalala wapi, tutakula nini. Wewe peke yako uliniuliza kitu ambacho jibu lake nilikuwa nalo." Nilitembea na maneno hayo wiki nzima, nimefurahi. Baadaye nikakumbuka kwamba mkataba wake wa miezi mitatu mitatu niliusaini mimi.

Swali la kwanza nililibadilisha, likawa "Uko wapi?" Kwa mwezi hivi lilifanya kazi. Kisha wote wakawa "nyumbani", hata yule ambaye nyuma yake niliwasikia wamama wa soko la Virunga wakiita wateja wa nyanya.

Binti amerudi na mchoro wake. Hajasahau.

"Na zile 36, aliziingiza?"

"Aliziingiza. Nne zilikuwa na makosa, nikamrudishia azirekebishe."